Vua Kitambulisho, Panda Sekei

Kwa zaidi ya miaka 20 riziki yangu ilitoka kwenye maneno ya watu wengine. Nilikuwa mkalimani wa mikutano hapa Arusha: waziri anazungumza ukumbini, mimi niko nyuma kwenye kibanda cha kioo, vidude masikioni, nayageuza. Nimegeuza habari za mbegu, za forodha, za chanjo ya ng'ombe, na wiki nzima nyingine nilikuwa na takwimu za samaki. Jioni wageni walipanda mabasi ya hoteli. Mimi nilivuka barabara kuu na kupanda kwa miguu hadi kwangu, Sekei. Wengi waliondoka siku ya nne wakiwa wameiona Arusha kupitia kioo cha basi. Lakini kwenye foleni ya chai walikuwa na desturi ya kunivuta kando na kuuliza jambo lisilokuwamo kwenye makabrasha. Nimestaafu, maswali hayajastaafu. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

*Shikamoo mama. Mkutano wetu unakwisha Ijumaa saa saba mchana na basi langu la kurudi ni Jumapili alfajiri. Je, nitawahi kuiona Serengeti? (Mhandisi, Nairobi)*

Marahaba, mwanangu. Utaiona, lakini kama abiria wa treni anavyoiona stesheni asiyoshuka. Kutoka mjini hadi lango la Naabi si chini ya saa tano, na kabla hujafika unapita katika hifadhi ya Ngorongoro, ambako hata kupita tu kunalipiwa. Ukifika jua linazama. Kesho yake mchana unageuza. Utakuwa umelipa sana na umeona vumbi zaidi ya simba. Serengeti ni ya likizo. Mtu wa mkutano ana hifadhi yake, nayo iko nyuma ya nyumba.

Nasema Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Siku zote za mkutano umekuwa ukiuona Mlima Meru kutoka mjini, umetulia kama mama aliyewapa watu mgongo. Huo ndio mgongo hasa. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima huu uliporomoka, ukamwaga mawe na udongo hadi kule yaliko leo maziwa ya Momela. Ndiyo maana mtoto wa Sekei na mtoto wa Ngarenanyuki, upande ule wa pili, wakiambiwa wauchore Meru hawachori mlima mmoja. Sisi tunachora kichuguu. Wao wanachora bakuli lililovunjika upande, na ndani yake kilima kidogo cha majivu. Mimi nilikaa Sekei miaka mingi kabla ya kuuona upande wao, na siku nilipouona nilihisi kama mtu aliyegundua kuwa jirani yake ana kovu.

Jumamosi ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Fuata barabara ya Moshi hadi Usa River, kata kushoto. Lango la Ngongongare ni kama kilometa 30 tu kutoka mjini. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa kwa jina la Ngurdoto, ile kreta ambayo mpaka leo wageni huitazama kutoka ukingoni bila kushuka chini. Simba usimtafute. Utakuta twiga wengi, mbega weusi wenye mkia mweupe wa kujivunia, nyati, na misimu mingine heroe kwenye maziwa. Kila ziwa la Momela lina rangi yake, kwa sababu maji ni ya magadi na mimea midogo inayoota humo si ya aina moja. Ukitaka kutembea kwa miguu unafuatana na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Fanya hivyo. Kumtazama twiga ukiwa umesimama ardhini na kumtazama kupitia paa la gari ni mambo mawili.

Kileleni usijaribu safari hii. Ni mita 4,566, na njia inataka siku 3 au 4. Jambo la mfuko: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa mbali. Beba pasipoti au kitambulisho cha taifa. Rafiki yangu mmoja alikiacha hotelini, akalipia usahaulifu wake kwa dola.

Ukirudi shuka Tengeru. Jumamosi ni siku ya gulio, na gulio la Tengeru si onyesho la watalii: ni ndizi za kupika kwa mikungu, nyanya kwa ndoo, mitumba iliyotandazwa chini, na kelele. Hapohapo Tengeru kuna ziwa Duluti, maji ya kreta yaliyozungukwa na msitu. Na kuna makaburi ambayo wageni wachache huambiwa habari zake: ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wapatao 5,000 wa Poland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa na Wasovieti hadi Siberia, walifika hapa kupitia Uajemi na kuishi kambini kwenye mteremko wa Meru. Kambi haipo, makaburi yapo.

*Mimi sina siku ya ziada hata moja. Nina asubuhi kabla ya saa tatu, na jioni kidogo. Hoteli iko karibu na ukumbi. Nifanye nini? (Mhasibu, Kampala)*

Wewe ndiye mgeni ninayempenda, dada, kwa sababu huna njia ya kutukwepa.

Amka mwanga unapotoka. Vaa viatu vya kutembelea, acha kompyuta, na vua kile kitambulisho cha shingoni. Mtu mwenye kitambulisho shingoni hutazamwa kama gari lenye namba za ubalozi. Nenda hadi Sanawari, vuka barabara kuu kwa hadhari, maana bodaboda hazina ada ya kusimama, kisha panda. Kata ya Sekei kwa ramani ni pana, lakini Sekei ninayoisema mimi ni ile ya juu, kaskazini ya barabara, inayouelekea mlima.

Dakika chache tu na mji unabadilika. Nyumba za ghorofa zimechanganyikana na migomba, na hapa na pale mibuni iliyobaki. Ardhi hii ni ya Waarusha. Mji ndio uliopanda kuwafuata, na kila mwaka unapanda kidogo. Asubuhi njia ni ya wanaoshuka: wanafunzi wenye masweta, kina mama wenye ndoo za maziwa au ndizi kichwani, mafundi ujenzi na mifuko yao. Wewe peke yako unapanda, kwa hiyo salamu zote zinakujia wewe. Shikamoo haikosei popote. Lakini mzee wa Kiarusha ukimwambia “Supai”, atakuitikia “Epa”, na mama ukimwambia “Takwenya”, atasema “Iko”, kisha atacheka, kisha atakuuliza umetoka wapi, na hapo ndipo utakapochelewa kikao cha kwanza.

Sikiliza maji pia. Miteremko hii ina mifereji ya kumwagilia, iliyochimbwa na vizazi vilivyotangulia, na zamu za maji zina wenyewe. Nimewahi kumwona profesa mmoja aliyekuja kwenye kongamano la usimamizi wa maji akiuruka mfereji mmoja kama huo bila kuutazama. Alikuwa anawahi kutoa mada.

Geuka nyuma mara mojamoja. Mji wote uko chini yako, na nyuma yake uwanda unaoelekea Umasaini. Mlima wenyewe uangalie mapema. Ikifika saa nne, mapumziko ya chai, mara nyingi umeshajifunika mawingu na hautoki tena hadi jioni. Mvua ikinyesha usiku, udongo wa hapa, wa volkano, huteleza kama umepakwa mafuta; mgeni anayejua kutembea taratibu huheshimiwa kuliko anayejua kukimbia.

Ukipata nusu siku, panda zaidi hadi kijiji cha Ng'iresi, kilometa kama 7 kutoka mjini, karibu na kilima cha Kivesi. Wanakijiji wana utaratibu wao wa utalii wa utamaduni: unatembezwa na mwongozaji wa hapohapo, unakula chakula cha mtu nyumbani kwake, na sehemu ya malipo huingia kwenye shughuli za kijiji.

Na ikitokea kikao cha alasiri ni cha mada usiyoihitaji (mimi sikukuambia), shuka mjini. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, sasa ni makumbusho ya elimu viumbe. Mbele kidogo kuna Mnara wa Saa, ambao kila dereva atakuambia uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town, mimi sijapima. Upande wa pili wa mji kuna Mnara wa Uhuru na Makumbusho ya Azimio la Arusha, la Februari 1967. Chumba si kikubwa, dakika 40 zinatosha, ila ukikuta mzee anayetaka kuzungumza ongeza saa moja.

Jioni usitembee peke yako njia za juu giza likiingia. Chukua teksi, au bajaji.

*Kwa nini kila mkutano uko Arusha, wakati si mji mkuu wa nchi? (Daktari, Bukavu)*

Kwa sababu ya talaka, daktari.

Yale majengo matatu unayokaa ndani yake, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa miaka ya 1970 yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoanza mwaka 1967. Mwaka 1977 ndoa ya Kenya, Uganda na Tanzania ikavunjika, na nyumba ikabaki bila wenyewe. Mwaka uliofuata serikali ikaigeuza kituo cha mikutano, AICC. Jumuiya ilipofufuka, kwa mkataba uliotiwa saini Novemba 1999, ilirudi kukaa kama mpangaji katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake, hadi makao mapya yalipozinduliwa Novemba 2012, jirani hapohapo. Leo nchi yako nayo ni mwanachama, tangu 2022. Kwa hiyo usijihesabu mgeni sana.

Lakini mtu wa Bukavu ana sababu nyingine ya kuutazama mji huu kwa makini. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini hapa makubaliano ya amani. Miezi minane baadaye yakatokea yaliyotokea, na yakamwagika hadi kwenu. Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama ya kuwahukumu wahusika, ikaletwa Arusha, katika majengo hayahaya, ikafanya kazi hadi Desemba 2015. Ni hapa, Septemba 1998, ambapo Jean-Paul Akayesu alitiwa hatiani, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Hukumu hiyohiyo ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kwa daktari anayetoka Kivu sihitaji kueleza uzito wa sentensi hiyo.

Kesi ziliendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Mimi sikufanya kazi huko, nilikuwa na samaki zangu, lakini wakalimani tunajuana. Wenzetu wa mahakamani walikuwa wakija kunywa chai bila kusema. Mkalimani husema “mimi” anapotafsiri maneno ya shahidi, na “mimi” anapotafsiri maneno ya mtuhumiwa. Jaribu kufikiri siku nzima ya kazi hiyo, kisha urudi nyumbani upike.

Miaka ile wafanyakazi wa mahakama walipanga nyumba katika mitaa yetu, na wapo watoto wa hapa, watu wazima sasa, waliojifunza Kifaransa chao cha kwanza kwa jirani juu ya ukuta. Kuna pia makubaliano ya amani ya Burundi, Agosti 2000, yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere hadi kifo chake na kumaliziwa na Mandela. Ukiwa na saa moja, tembea tu kuzunguka majengo ya AICC. Hakuna kiingilio na hakuna mwongozaji. Picha za mahakama na majengo ya serikali usipige bila kuuliza.

*Nimefundisha Kiswahili miaka 10, lakini mhudumu wa hapa alinitazama kana kwamba nimemtukana. Nilisema tu, “Lete chai.” (Mwalimu, Kisumu)*

Sarufi yako haina kosa, mwalimu. Kosa ni kwamba uliagiza. Huku tunaomba hata tunachokilipia: naomba chai, naomba chenji, naomba nipite. Mgeni kutoka kwenu huona ni kujipendekeza. Mhudumu wa hapa huona “lete” kama mlango uliosukumwa kwa mguu. Hakuna mwenye makosa. Ila wewe ndiwe uliyevuka Namanga, kwa hiyo wewe ndiwe wa kubadilika.

Na chai uliyoletewa ilikuwa nyeusi, sivyo? Kwenu chai ni ya maziwa mpaka useme vingine. Hapa sema “chai ya maziwa”, la sivyo utapata ya rangi. Githeri yenu ni makande yetu. Stima yenu ni umeme. Kwenye daladala usiseme “shukisha”. Sema “shusha”, tena kwa sauti, maana konda ana muziki, na mlango ni wake. Akikuambia nauli ni jero, ni shilingi 500. Buku ni 1,000. Usimwulize mara tatu, atajua.

Hata hivyo usidhani umefika Unguja. Arusha ni mji wa mpakani kwa damu. Nairobi iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, zaidi ya mara mbili, na maneno husafiri kwa basi kama watu. Vijana wa hapa huitana “chalii”. Wewe kwenu umezoea kusikia chali. Mji wenyewe wanauita Chuga. Mgeni wa Dar es Salaam huja hapa akashangaa ukali wa matamshi yetu na kuuliza kama tunagombana. Hatugombani, tunasalimiana.

Zoezi moja ninalowapa walimu: kaa dakika 20 kwenye kibanda cha chapati pale Sanawari, uhesabu umesikia lugha ngapi. Mimi nimewahi kufika saba kabla chai haijapoa: Kiswahili, Kiarusha, Kimeru, Kichaga, Kiiraqw, Kisomali, na Kiingereza cha mtalii aliyepotea.

*Nimezoea samaki na wali wa nazi. Wanasema huko ni nyama tu. Nitakula nini, na nijihadhari na nini? (Mtumishi wa serikali, Zanzibar)*

Karibu bara, kaka. Jihadhari na neno moja: kitimoto. Ni nguruwe. Baa nyingi huiuza, na wenzako wa mkutano watakualika kwa ukarimu wa kweli bila kukumbuka. Kwa nyama nyingine desturi ya nchi ni kumwachia Mwislamu achinje, lakini kuuliza si utovu wa adabu; mchoma nyama anaulizwa kila siku.

Sasa habari njema. Huku ni nchi ya ndizi. Anza asubuhi na mtori, ndizi zilizochemshwa na nyama zikapondwa hadi zikawa uji mzito. Ukinywa bakuli moja huhitaji ile keki kavu ya saa nne. Mchana tafuta ndizi nyama, au makande. Na kama una bahati ya kukaribishwa nyumbani kwa Mmeru au Mwarusha, utapewa loshoro: mahindi na ndizi, vikachanganywa na maziwa ya mgando. Wageni hugawanyika hapo. Mwenzako mmoja kutoka Pemba alionja kijiko kimoja kwangu, akanyamaza, akaniomba chumvi, kisha akamaliza bakuli bila kusema kama amependa. Hadi leo sijui.

Nyama choma ni Kwa Mrombo, kusini ya mji. Unachagua nyama ikiwa mbichi, inapimwa, unalipa, unasubiri. Kusubiri ndiyo sehemu yenyewe. Usiende na mtu usiyeweza kuzungumza naye saa moja. Katika mkutano mmoja wa forodha, niliona mataifa mawili yaliyoshindwa kukubaliana kifungu kimoja siku tatu yakikimaliza hapo, juu ya mbavu za mbuzi, kwa Kiswahili, bila mkalimani. Nilifurahi kama raia na kununa kama mfanyakazi.

Samaki wapo. Wametoka mbali. Nenda na matumaini madogo.

*Nakuja Julai. Ndugu zangu wa Muscat wananicheka kwa kufungasha sweta. (Mtaalamu wa benki, Muscat)*

Watacheka wao, utatetemeka wewe. Mji uko mita kama 1,400 juu ya bahari, na Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi. Fungasha mawili.

*Swali la aibu: mbona watu wengi hapa wana meno ya kahawia? Nimeogopa kumuuliza mwenyeji. (Mtafiti, Kigali)*

Umefanya vizuri kuniuliza mimi, maana na mimi ninayo. Si sigara wala uchafu. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru yana madini mengi ya floraidi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka, meno hutoka na madoa yasiyosafishika. Yakizidi sana hudhuru hata mifupa. Wewe mtu mzima wa siku nne huna la kuogopa. Kwetu imekuwa kama pasipoti: nikikutana na mtu Dodoma au Toronto akacheka, najua kabla hajasema kwamba tumekunywa mto mmoja.

*Nataka kumpelekea mke wangu tanzanaiti. Kuna kijana nje ya hoteli ana bei nzuri. (Mwanasheria, Dar es Salaam)*

Wewe mwanasheria unaniuliza mimi? Jiwe hilo linachimbwa mahali pamoja tu duniani, Mererani, na serikali imelizungushia ukuta. Linalouzwa mfukoni mbele ya hoteli ama si lenyewe ama si lake. Nunua dukani penye leseni, dai risiti na hati ya jiwe, au mpelekee mama kahawa ya Meru na kitenge. Kahawa haijawahi kumpeleka mtu polisi.

*Bosi anafikiri ukiongeza siku mbili baada ya mkutano unatalii kwa pesa za ofisi. (Ofisa mipango, Lusaka)*

Wakati mwingine anafikiri sawasawa. Omba likizo ya siku hizo kwa maandishi kabla ya tiketi kukatwa, lipa hoteli mwenyewe kuanzia usiku ambao mkutano umekwisha, na angalia tarehe ya mwisho ya bima yako. Kisha tembea kwa amani.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Sekei. Nimechaguliwa kwenda mkutano Geneva, mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Nitakuwa na siku mbili za ziada. Unanishauri nini? (Mtaalamu wa kompyuta, Sekei)*

Marahaba, mjukuu wangu. Hongera, na mpe bibi yako salamu.

Hutakuwa wa kwanza kushuka mlima huu kwenda kikaoni ng'ambo. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi ipewe walowezi wafugaji. Wameru wakachanga pesa, na Julai 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akayasema. Fikiria safari yenyewe, miaka ile, kwa mtu wa migombani. Ardhi haikurudi siku hiyo, lakini kesi ya Wameru ilijulikana duniani, na baadaye yeye na wakili Earle Seaton waliiandikia kitabu, kilichotoka mwaka 1967. Wewe una mawasilisho ya dakika 15 kuhusu programu ya kompyuta. Usitetemeke.

Wanasimulia kwamba Rais Clinton alipokuja hapa mwaka 2000 aliuita mji wetu Geneva ya Afrika. Kwa hiyo nenda ukatazame kama wale nao ni Arusha ya Ulaya. Fanya yaleyale ninayowaambia wanaokuja kwetu: amka mapema, vua kitambulisho, tembea. Hoteli itakupa kadi ya kupanda tramu na mabasi bila kulipa siku zote utakazolala hapo, nayo hata boti ndogo za kuvuka ziwa zinaikubali; wageni wengi husahau kuitumia. Panda tramu hadi mwisho wa njia, uone wanakoishi wafagizi na wauguzi. Maji ya chemchemi za barabarani yananyweka. Ukiingia dukani sema “Bonjour” kabla ya neno lingine lolote. Ndiyo “naomba” yao, na asiyeisema huhudumiwa kwa uso wa mhudumu yule wa mwalimu wa Kisumu. Makao ya Umoja wa Mataifa yana matembezi ya wageni, beba pasipoti. Jumamosi nenda uwanja wa Plainpalais, kuna gulio la vitu vikuukuu, utajisikia Tengeru, ila kimya. Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua mkate siku moja kabla.

Kuhusu koti: usinunue huko, bei itakuchoma. Nenda mitumbani asubuhi robota linapofunguliwa, utafute la sufu, zito, lenye mifuko ya ndani. Soma lebo ya shingoni kabla ya kulipa. Ukikuta limetoka Uswisi usishangae, vaa tu. Linakwenda kwao kusalimia.